Watu Kumi na Tisa, Bila Mimi

Jumatatu, 6 Julai 1981

Baridi kali. Ukungu umefunika Karatu yote. Foleni ya choo: watu saba. Mimi wa nane.

Nilitoka saa kumi na moja na nusu nikidhani nimewahi. Nimewahi wapi! Wageni wa Lomayani walishajipanga, wamejifunga shuka mpaka puani, wanamsalimia kila anayetoka chooni kama mtu aliyerudi safari ya mbali. Wanamuuliza na habari za huko. Mimi asubuhi sipendi kuulizwa habari za huko.

Nimefanya hesabu. Nyumba hii ya Mama Blandina ina vyumba sita, jiko moja uani, choo kimoja. Nilipohamia tulikuwa tisa. Leo nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, nikahesabu kila aliyepita. Kumi na tisa! Na mbuzi aliyefungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo sikumhesabu, ingawa ameshakula mkono mmoja wa shati langu.

Chanzo ni chumba cha tatu, ukuta kwa ukuta na changu. Anakaa Lomayani, mlinzi wa ghala la mahindi ambako mimi ni karani wa mizani. Mtu mpole, sina ubaya naye. Lakini ana watu! Kuna Ngoyai na Moloimet, waliokuja mnadani kutoka Engaresero. Ng'ombe wameshauza, lori lao halina dizeli, wiki ya tatu sasa. Kuna Nareyu, dada yake kutoka Piyaya, na mtoto aliyevunjika mguu, wanaokwenda hospitali kila baada ya siku mbili. Na kila mmoja akija, anakuja na wa kumsindikiza. Wa kumsindikiza harudi.

Yote hayo ningevumilia. Ila leo imefika barua kutoka Buger. Mzee Yohani, baba yake Hyasinta wangu, anakuja Jumapili. Anataka kuona kwa macho yake mahali binti yake atakapoishi. Anaandika kwamba hawezi kumtoa Hyasinta akaishi sokoni.

Na mimi niliandika nini mwezi uliopita? Ninayo nakala. "Nyumba ni ya utulivu. Wapangaji tupo wanne tu, wote watu wazima, wanaolala mapema." Kwa nini niliandika vile? Sijui. Kalamu ilikuwa inateleza vizuri na nilikuwa namuwaza Hyasinta.

Nampenda Hyasinta. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Akikataliwa kuja, mimi nimekwisha.

Siku sita. Watu kumi na watano watoke.

Jumanne, 7 Julai

Saba Saba. Hakuna kazi. Wote wako nyumbani! Uani hapana pa kuweka mguu.

Asubuhi nilikutana bombani na Mama Evarista, jirani wa nyumba ya pili, mjane mwenye nyumba yake na kuku wake na ulimi wake. Huwa hatupatani. Mwaka jana alisema nimemfukuza jogoo wake kwa jiwe. (Lilikuwa kiatu.) Leo, kwa mara ya kwanza, tumekubaliana. Anasema ndoo zetu zinamaliza maji ya mtaa, moshi wa jiko letu unalala kwake, na kwamba jana alihesabu suruali na shuka kwenye kamba yetu akachoka. Akaniuliza kama kule kwetu tunagawa watu bure. Nikamwambia jambo hilo lipo mikononi mwa mtu makini. Akauliza nani. Nikatabasamu tu.

Mpango! Nimemwandikia barua Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Clemensi. Malalamiko ya msongamano, hoja tano. Hoja ya tatu ni choo, nimeipamba sana. Nimeandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Nimetumia saa nne na ulimi nje. Sahihi: "Mwananchi Mwenye Uchungu." Nimeisoma mara ishirini. Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na mimi ndiye ninayeandika barua za mtaa mzima.

Saa mbili usiku nimeipitisha chini ya mlango wa Balozi. Mbwa wake amenifahamu, lakini mbwa hasemi.

Jumatano, 8 Julai

Balozi ameitisha mkutano uani kwetu jioni hii hii. Nilifurahi mpaka nikavaa koti.

Sasa. Mzee Clemensi ana miwani, na miwani hiyo mkewe aliikalia mwezi wa tano. Ipo Arusha inatengenezwa. Hili nilikuwa nalijua. Ni mimi niliyemwandikia fundi wa Arusha! Sikulifikiria hata kidogo. Balozi alisimama mbele ya watu wote, akatoa barua kwenye kofia, akanikabidhi mimi. Akasema, Karani, tusomee.

Nikatulia. Nikasoma kama sijawahi kuiona. Mahali pengine nilisita, nikakunja uso, nikasema mwandiko huu mbaya kweli, aliyeandika hakusoma. Niliigiza vizuri mno. Watu walinionea huruma.

Kufika hoja ya nne Balozi aliichukua barua ili awaonyeshe watu doa la mafuta ya taa, kwamba mwandishi aliandika kwa mwanga wa kibatari. Aliichukua! Na mimi mdomo haukusimama. Niliendelea, macho yangu kwenye bati la jiko: "Na zaidi ya hayo, heshima ya mtaa wetu inazama kidogo kidogo. Je, wahusika mmelala?" Sentensi mbili kamili. Mikono mitupu.

Mbuzi tu ndiye aliyekuwa anatafuna.

Lomayani akaomba kusema. Nilijua ndio mwisho wangu, kwa sababu alisimama na rungu. Lakini huwa anasimama nalo. Akasema, taratibu, Kiswahili chake cha kuvuta:

"Karani, umeandika kumi na tisa. Mimi ni mlinzi, kuhesabu ni kazi yangu. Tuko ishirini. Wewe hujajihesabu."

Walicheka! Mama Blandina alifuta machozi kwa kitenge. Mama Evarista alicheka akiwa juu ya ua wa mabua, ameshikilia kwa mikono miwili. Lomayani mwenyewe alinipa mkono, akasema barua ina maneno matamu, hasa pale pa kuzama. Akaomba nimwandikie moja kwa mjomba wake Piyaya. Nikaandika. Ningefanyaje? Kurasa mbili.

Alhamisi, 9 Julai

Siku tatu zimebaki. Kila ninayepishana naye ananiita Mwananchi Mwenye Uchungu. Hata mkubwa wangu wa ghala.

Lakini! Barua imezaa matunda. Balozi ameona hoja ya tatu ni kweli tupu: shimo la choo limejaa. Ametangaza msaragambo kesho baada ya kazi. Kila chumba kitoe mchimbaji, shimo jipya, futi kumi na tano.

Nilikuwa nimelala chali nikiomboleza wazo liliponijia. Niliketi ghafla. Kuchimba! Mimi Mwiraqw, jembe nimezaliwa nalo. Lakini wale wazee Wamasai wa Engaresero? Tangu mababu zao hawavunji ardhi. Ardhi kwao ni ya majani, majani ni ya ng'ombe. Ukimwambia mtu kama Moloimet achimbe choo, kwa aibu ataondoka kwa miguu bila kungoja dizeli.

Nilikwenda kwa Balozi, nikasisitiza kwamba sheria ifuatwe: chumba chenye watu wengi kitoe wachimbaji wengi. Akanisifu. Alisema sasa naonyesha moyo wa kujitolea, na akanifanya kiongozi wa shimo.

Nalala kwa furaha.

Ijumaa, 10 Julai

Siwezi kushika kalamu vizuri. Viganja vyote vina malengelenge. Naandika polepole.

Lomayani alichimba. Alikuja na sururu yake mwenyewe! Akasema ni kweli wazee wao hawachimbi, lakini yeye ana miaka saba mjini, na mjini mtu anajifunza. Alichimba akiimba. Mimi, kiongozi wa shimo, sikuweza kupumzika kwa sababu yeye hakupumzika. Futi nane! Mwiraqw gani atapumzika mbele ya Mmasai anayechimba?

Ngoyai na Moloimet hawakuchimba. Walikuja wakatazama shimo, wakazungumza chini kwa chini, wakaondoka. Moyo wangu uliruka. Wameaibika! Wanafunga mizigo!

Walikuwa wamekwenda kumfungua mbuzi kwenye kamba. Walisema hawawezi kuona watu wakitoka jasho kwa ajili ya choo chao na wao wakae hivi hivi. Mbuzi yule yule aliyekula shati langu! Walimchinja, wakamchoma nyuma ya nyumba, wakachemsha na supu ya mizizi. Mtaa mzima ulikuja. Mama Evarista alikuja na bakuli lake. Alikula akisema watu hawa kumbe ni wastaarabu, shida ni karani.

Sasa naandika jambo ambalo sijui kama ni baya au zuri. Mbavu zilibaki kwa ajili ya Lomayani, Ngoyai na Moloimet. Niliuliza kwa nini. Wakasema ni mbavu za rika, wanakula watu waliotahiriwa kipindi kimoja. Nilikuwa na njaa. Nimechimba futi nane! Harufu ile! Nikasema hata mimi ni rika lenu, nilitahiriwa mwaka ule ule. (Si kweli. Nimepishana nao miaka mitano hivi.) Moloimet alinitazama, akamtazama Lomayani. Lomayani akasema, kama Karani amesema, amesema. Wakanipa ubavu mzima.

Mtamu ajabu. Uongo mdogo, ubavu mkubwa. Sioni hasara.

Jumamosi, 11 Julai

Hasara nimeiona.

Alfajiri nilifungua macho, nikamkuta Ngoyai ameketi kwenye kiti changu anakunywa chai kwenye kikombe changu. Moloimet alikuwa anatundika shuka kwenye msumari wa koti langu. Fimbo mbili kwenye kona. Kibuyu dirishani. Nilidhani naota.

Nilimkimbilia Lomayani. Akanieleza kwa upole kama mwalimu. Mtu wa rika lako nyumba yako ni yake. Haombi. Anachomeka mkuki mlangoni, anaingia. Chumba cha tatu kimejaa, na mtoto wa Nareyu anahitaji nafasi ya kunyoosha mguu. Wakati wote walikuwa wanajiuliza wafanyeje. Jana Mungu amejibu. Lomayani alinishika bega. Alisema wengine wangejificha wasijulikane kuwa ni rika, ila mimi nimejitokeza mwenyewe mbele ya watu. Macho yake yalilowa kidogo.

Kwa hiyo chumba cha utulivu nilichomwandikia Mzee Yohani sasa kina watu watatu. Kesho anafika!

Mpango wa mwisho. Lori lao halina dizeli? Basi mimi nitaitafuta dizeli. Nilimpata dereva, akasema amepungukiwa debe moja tu. Nilizunguka Karatu nzima. Mwenye trekta mmoja analo debe, hauzi, anataka redio. Ninayo redio. Nilikuwa nayo. Niliinunua kwa mavuno mawili ya ngano. Nilimkabidhi nikageuza uso.

Dereva ameapa: kesho alfajiri lori linaondoka kwenda Loliondo, na Engaresero atawafikisha. Nimewatangazia wenye rika langu. Wamenishukuru sana, wamenibariki, Moloimet amenitemea mate kidogo kifuani, ndiyo baraka yao. Wameuliza kwa nini nimehangaika hivyo. Nikasema kesho napokea mkwe wangu, nisingeweza kuwahudumia ipasavyo. Wakatazamana.

Kesho saa kumi na mbili watakuwa njiani. Nareyu nitamwomba abaki hospitali na mtoto hadi jioni. Mzee nitampokea kanisani, nimkalishe hotelini na chai, nyumba nimwonyeshe haraka haraka saa saba, kisha apande Landrova ya misheni. Jumapili magari mwisho saa nane mchana, ni amri ya serikali, mafuta hayapo. Saa nane na dakika moja mimi ni mtu mwenye mke.

Jumapili, 12 Julai

Naandika nikiwa chumba cha tatu. Nitaeleza.

Saa kumi na mbili lori lilipiga honi nje. Nilisimama mlangoni nikiwa nimenyoosha mkono wa kuaga. Moloimet alitoka, akazungumza na dereva, lori likaondoka. Moloimet akarudi ndani, akaketi. Nikauliza, vipi tena! Akasema, wataondokaje? Rika lao leo anapokea mkwe. Mtu hapokei mkwe akiwa peke yake kama yatima. Wamejadiliana usiku mzima, wamekubaliana kubaki.

Redio yangu ilielekea Loliondo kama moshi, na wao wamebaki.

Nikakimbia kanisani kumwahi mzee. Misa ikaisha. Watu wakatoka. Mzee hayupo. Nilizunguka kanisa mara tatu. Mpaka mtu mmoja akaniambia mkwe wangu ameshachukuliwa. Na nani? Na Mmasai mrefu, aliyesimama barabarani tangu asubuhi akisimamisha kila gari na kuuliza kama lina mkwe wa Karani. Ngoyai!

Nilifika nyumbani nahema. Nikachungulia kwenye ua wa mabua. Uani walikuwa wamekaa wote kumi na tisa. Mzee Yohani kwenye kiti changu, katikati. Na pembeni yake, jambo ambalo barua haikusema, mama mkwe! Amevimba mguu, ameunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nareyu amepiga magoti anautazama mguu huo, anamweleza mambo yote ya hospitali: mlango upi, foleni ipi, nesi yupi ana maneno na yupi ana huruma. Mtoto wa Nareyu alikuwa anamwonyesha bandeji yake. Mama Blandina anapika. Lomayani alikuwa ametoka lindo asubuhi, hajalala, anakaanga chapati. Sijawahi kumwona mlinzi akikaanga chapati.

Mzee Yohani alikuwa anahesabu. Niliona midomo yake. Nikaingia kusalimia. Akapokea salamu. Kisha akatoa barua yangu mfukoni, akaikunjua, akauliza wale wanne wako wapi.

Nikasema, mzee, wanne ni wale wanaolala mapema.

Akaikunja tena barua. Nilitamani lile shimo la choo. Kisha akasema, na haya nayaandika kama alivyosema:

"Kijana, mimi nilikuja kukataa. Barua yako ilinitisha. Nyumba ya watu wanne, wanalala mapema! Binti yangu akiugua saa tatu nani atamsikia? Nikamwambia mama yake, huyu anataka kumfungia Hyasinta ghalani. Kumbe una watu. Kwa nini uliwaficha watu wazuri hivi?"

Nililia. Naandika ukweli. Nililia mbele ya watu kumi na tisa na wakwe wawili, na Ngoyai akanifuta kwa ncha ya shuka lake linalonuka moshi. Hyasinta atakuja baada ya mavuno! Mzee amekubali!

Walikula, wakazungumza, saa nane ikapita. Hakuna aliyeiona. Nilikumbuka saa tisa. Landrova ya misheni ilishafungiwa hadi kesho. Na hapo Mzee Yohani akasema haina shida, maana alitaka kuniomba jambo. Mguu wa mama unahitaji hospitali wiki kwa wiki, nao walikuwa wanasita kwa sababu Karatu hawakuwa na mtu. Sasa wanaye. Mama atabaki kwangu mpaka apone. Na Marsela, mdogo wake Hyasinta, atakuja Jumanne kumsaidia. Na wajukuu wawili wasiopenda kuachana na bibi.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Mimi ni mtu wa kumkataa mama yake Hyasinta?

Lakini mkwe ni mkwe. Kwetu mtu halali chumba kimoja na mama mkwe wake, hata kama katikati kuna ukuta wa makabati. Siwezi hata kukaa kwenye kitanda alichokalia. Kwa hiyo saa moja jioni nilitoka chumbani kwangu na blanketi kwapani. Ngoyai na Moloimet nao walitoka, na fimbo zao. Tukasimama uani watatu, baridi inauma. Nikamtazama Lomayani.

Hata sikufungua mdomo. Akasema, ingia, rika.

Nalala kati ya Moloimet na ukuta. Ukuta ni ule ule. Upande wa pili nasikia mama mkwe anakoroma.

Alhamisi, 23 Julai

Hyasinta ameandika! Anasema mama yake kila barua ananisifu. Kwamba mimi ni mtu wa watu. Nimeiweka barua ndani ya soksi nzima.

Mambo mengine. Mguu wa mama mkwe umepungua uvimbe. Lori limerudi na limepata dizeli tena, Ngoyai na Moloimet wamesema wataondoka nikishaoa. Choo kipya kinafanya kazi. Foleni ya leo: kumi na mmoja. Nimesalimia kila aliyetoka, na kuuliza habari za huko.

Tupo ishirini na wanne. Safari hii nimejihesabu.

Leo jioni nimepata kazi ya kuandika. Mama Evarista amekuja na karatasi na bahasha yake. Anataka barua kwa Balozi, isiyo na jina, kumlalamikia mpangaji mmoja. Nikachovya kalamu, nikauliza mpangaji gani. Akasema karani. Nikauliza karani yupi. Akasema nisijali, jina langu hatalitaja, ataandika tu yule karani wa mizani wa chumba cha nne, mwenye mkwe. Nikauliza, kwa nini uje kwangu sasa? Akasema nani mwingine anaandika vizuri mtaa huu. Hapo alisema kweli.

Akataja malalamiko yake. Watu wa chumba cha nne wamezidi. Wajukuu wanakimbiza kuku. Ndoo za kukandia mguu wa mgonjwa zinamaliza bomba. Wapunguzwe. Nikaitikia kwa kichwa, nikaandika kwa bidii.

Mpango! Mama Evarista hajui kusoma. Na chumba cha nyuma cha nyumba yake kina magunia mawili tu na jogoo. Kwa hiyo nilichoandika ni hiki: "Mimi Mama Evarista, kwa moyo mweupe na bila kushurutishwa na mtu, naomba kukitoa chumba changu cha nyuma kwa mama mkwe wa karani na wajukuu zake, mpaka apone. Jogoo nitamhamisha mimi mwenyewe." Kwa kuwa si barua ya kujificha tena, nimemshauri aweke dole gumba, nikasema ndivyo barua zisizo na jina zinavyofanywa siku hizi. Ameweka. Limetoka safi.

Mpango hauna pa kuvujia. Balozi ataniletea mimi niisome, kama kawaida. Mama Evarista akiwepo, nitasoma aliyoyasema yeye. Balozi akiwa peke yake, nitasoma niliyoyaandika mimi. Mama mkwe atahamia kwa jirani, mimi nitarudi kitandani kwangu, na kila mtu atafurahi. Hata kurasa nimeweka namba. Na sikuhangaika na mkono wa kushoto, hilo ndilo lililoniponza mara ile.

Mama Evarista ameipeleka mwenyewe, mkononi, saa kumi na mbili.

Saa moja Mzee Clemensi alipita uani kuwaonyesha watu miwani yake, imerudi leo kutoka Arusha. Kioo kipya pande zote mbili. Alitusomea maandishi yote ya kwenye kopo la kahawa, na hata yale madogo ya chini. Inamkaa vizuri kweli. Nimempongeza.